Pikipiki ya zamani haitaki kuwaka: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu aliyenunua pikipiki ya zamani, akaileta nyumbani kwa furaha, na sasa iko uani huku yeye amepiga kiki mpaka goti linamuuma. Naandika nikiwa Moshi. Pikipiki ninazozungumzia ni zile ambazo bado utazikuta huku kwetu kwenye mabanda na nyuma ya nyumba: Honda CG125, CT110 na XL, Yamaha DT na AG100, Suzuki A100 na TF125. Ni mashine nzuri na nyingi hazijafa, zimelala tu. Kinachonisikitisha ni kwamba nyingine huharibiwa na mikono yetu ndani ya wiki ile ya kwanza, wakati tunatafuta tatizo dogo kwa nyundo kubwa.

Maswali nimeyaweka kwa mpangilio ambao watu huniuliza.

## Muuzaji aliiwasha mbele yangu kwa kiki moja. Nyumbani haiwaki kabisa. Nimetapeliwa?

Pengine hujatapeliwa. Umenunua mashine, ila hujapewa desturi yake.

CG125 yangu niliinunua kwa mzee mmoja wa Mwika. Niliipakia kwenye kenta mpaka mjini, na kesho yake nikapiga kiki asubuhi nzima bila kusikia hata dalili. Nikampigia simu.

“Shikamoo babu. Pikipiki imegoma.”

“Marahaba mjukuu wangu. Umefungua koki?”

“Nimefungua babu.”

“Ukasubiri?”

Sikuwa nimesubiri. Akanielekeza taratibu: fungua koki (bomba la petroli chini ya tenki), hesabu mpaka sitini, vuta choki yote (ile ya kupunguza hewa kwenye kabureta), piga kiki polepole mara tatu swichi ikiwa imezimwa, kisha washa swichi upige moja ya nguvu bila kuvuta mafuta. Iliwaka kwenye kiki ya pili.

Miezi miwili baadaye nilifungua koki hiyo na kukuta chujio lake la ndani limezibwa na kutu laini kama unga wa ugimbi. Petroli ilikuwa inapita kwa matone, ndiyo maana bakuli la kabureta lilihitaji dakika nzima kujaa. Mzee hakulijua hilo. Alichojua ni kwamba akisubiri, inawaka. Hapo nilielewa jambo ambalo limenisaidia kwa kila pikipiki iliyofuata: desturi ya mwenye mashine mara nyingi ni kasoro aliyozoea kuishi nayo. Kwa hiyo mpigie muuzaji, muulize anaiwashaje hatua kwa hatua, uandike. Kisha ujiulize kila hatua inafunika nini. Akikwambia “mimi nafunika mdomo wa kabureta kwa kiganja”, choki haifungi sawasawa au jeti ndogo (kitundu cha petroli ndani ya kabureta) imeziba. Akisema “naisukuma tu kwenye mteremko”, angalia mgandamizo na cheche. Akisema “natoa plagi naipasha kwenye jiko”, plagi inalowa kwa sababu cheche ni hafifu au petroli imezidi.

Kwa anayekwenda kununua kesho: salamu zikiisha, weka kiganja kwenye silinda. Ikiwa na joto, mwombe mwenye mali kwa heshima akuruhusu urudi asubuhi ikiwa baridi. Injini yenye joto mara nyingi huwaka hata kama ni mgonjwa. Na wakati unasubiri, linganisha namba ya injini na ya chasisi na zile za kwenye kadi.

## Nianzie wapi? Kila mtu ananiambia kitu tofauti.

Injini ya petroli inahitaji vitu vitatu: cheche yenye nguvu kwa wakati wake, mchanganyiko sahihi wa petroli na hewa, na mgandamizo, ile ambayo mafundi wanaita kompresheni. Hakuna cha nne. Kazi yako ni kujua kipi hakipo kabla hujafungua chochote.

Angalia kwanza vitu vya aibu: petroli imo kwenye tenki, koki iko wazi, swichi ya kuzimia kwenye usukani iko mahali pake, gia iko nyutro. Kisha vuta choki, piga kiki kumi za kweli, na utoe plagi papo hapo. Hiyo plagi ndiyo itakayokuambia uende upande gani. Imelowa petroli, mafuta yanafika, basi tafuta cheche. Ni kavu kabisa, mafuta hayafiki.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukisafisha kabureta, ukabadilisha plagi na kugusa pointi (vidole vya kukata umeme wa cheche, nitavieleza chini) siku hiyo hiyo, pikipiki ikiwaka hutajua kilichokuwa kinaiumiza, na isipowaka hutajua kama umeongeza ugonjwa.

## Plagi inatoka imelowa. Inamaanisha nini?

Ama cheche haipo au ni dhaifu, ama petroli imezidi mpaka injini imemeza.

Kama imemeza, funga koki, rudisha choki, fungua mkono wa mafuta mpaka mwisho, na upige kiki kumi bila plagi, swichi ikiwa imezimwa. Unapuliza nje petroli iliyojaa ndani. Simama mbali na tundu la plagi, na pasiwe na sigara wala jiko karibu. Futa plagi kwa kitambaa, ikauke, irudishe na ujaribu bila choki.

Ikirudia kulowa kila mara, geukia kabureta: floti (boya linalofunga petroli kabureta ikijaa) inayovuja au sindano yake iliyolika. Hapa kuna hatari ambayo wengi hawaijui. Koki ikiwa haizibi vizuri na sindano haizuii, petroli hushuka usiku kucha, hupita kwenye silinda na kuingia kwenye oili. Chomoa kijiti cha oili ukinuse. Kikinuka petroli, au oili imepanda juu ya alama bila wewe kuongeza, usiiwashe. Mwaga oili yote, weka mpya, rekebisha kinachovuja, ndipo uendelee. Oili iliyochanganyika na petroli haina utelezi wa kulinda ringi za pistoni wala beringi. Niliwahi kuikuta kwenye XL ya rafiki yangu: oili ilimwagika nyepesi kama maji ya chai. Alikuwa ameiendesha hivyo hivyo kwa wiki nzima, na injini ile haikupona.

## Plagi ni kavu kabisa, kama haijawahi kuona petroli.

Chomoa mpira wa petroli kwenye kabureta, elekeza mdomo wake kwenye chupa safi ya maji ya kunywa, fungua koki. Petroli inatakiwa kutiririka bila kukatika. Ikianza vizuri halafu ikafifia, fungua mfuniko wa tenki. Ikirudi kwa nguvu, tundu la kupumulia la mfuniko limeziba, na hapo unahitaji pini tu. Isipotoka kabisa, chujio la koki limeziba.

Usiimwage hiyo petroli. Iache kwenye chupa nusu saa uitazame kwenye mwanga. Petroli ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo maji yatakaa chini kama tone la kioo, na kutu itatulia kama matope mekundu. Pikipiki zilizokaa Kibosho, Machame au Marangu kwa miaka mara nyingi zina vyote viwili, kwa sababu ya usiku wa baridi na tenki lililoachwa nusu tupu.

Tenki lenye kutu ya kawaida mimi nalisafisha kwa siki. Toa koki, ziba tundu, jaza siki, acha siku mbili, tikisa pamoja na kipande cha mnyororo mwembamba, mwaga, suuza kwa maji yenye magadi kidogo, kausha haraka juani, kisha suuza kwa petroli iliyochanganywa na oili kidogo siku hiyo hiyo. Ukilala bila kufanya hatua hiyo ya mwisho, asubuhi utakuta kutu mpya.

Petroli ikifika kwenye kabureta na plagi bado kavu, soma swali la kabureta hapa chini.

## Hakuna cheche. Nimebadilisha plagi mara mbili.

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo nitachukua nafasi.

Pima kwanza ipasavyo. Chomeka plagi kwenye kofia yake, ibane kwenye chuma safi cha injini, kisichokuwa na rangi, mbali na tundu lake. Ingia kivulini. Piga kiki. Cheche nzuri ni ya bluu na unaisikia inalia ta, ta, ta. Ile nyembamba ya njano au nyekundu haitoshi, kwa sababu ndani ya silinda, kwenye mgandamizo, ina kazi ngumu kuliko hapa nje.

Plagi ya CG125 na ndugu zake wengi wa Honda wa enzi hizo ni aina ya D8EA, na mwanya wake ni 0.6 hadi 0.7 mm. Ukinunua, angalia pakiti na maandishi, maana feki zimejaa na plagi feki inaweza kufa ikiwa mpya. Ndiyo maana kubadilisha plagi mara mbili hakuthibitishi lolote kama zote zimetoka sanduku moja. Iazime plagi kutoka kwenye pikipiki inayowaka.

Kisha kofia ya plagi. Ichomoe kwa kuizungusha kutoka kwenye waya. Ukikuta ncha ya waya imegeuka kijani au nyeusi, kata nusu sentimita na uirudishe kwa kuizungusha. Kofia nyingi zina rezista ndani yake, ya kama kilo-omu 5, na ikifa hukata cheche kabisa. Jaribu bila kofia: shika waya kwa koleo lenye mpira, ncha yake ikae milimita 4 au 5 kutoka kwenye chuma, mwenzako apige kiki. Cheche ikiruka, tupa kofia.

Sasa swichi. Jirani yangu wa Majengo aliacha Honda yake kwa fundi wiki tatu. Ikawekewa koili (inayokuza umeme uwe cheche), halafu koili nyingine, halafu akaambiwa magneto (sumaku na waya zinazozalisha umeme) imeungua. Tulipoifungua taa ya mbele pamoja, nikatafuta waya mweusi wenye mstari mweupe. Kwenye Honda nyingi za aina hii, waya huo ndio wa kuzimia: swichi ikiwa “off” inauunganisha na bodi, yaani chuma cha pikipiki, na cheche inamezwa. Tukauchomoa. Kiki moja, cheche ya bluu. Ndani ya swichi ya ufunguo mlikuwa na vumbi lililogeuka tope na kukauka, masika baada ya masika, mpaka swichi ikawa “off” siku zote. Tuliisafisha kwa petroli na mswaki mkuukuu. Koili zake mbili mpya ziko kabatini mpaka leo.

Kipimo hicho ni kwa pikipiki ambazo cheche inatoka moja kwa moja kwenye magneto. Zile zinazochukua umeme wa cheche kwenye betri, swichi hufanya kazi kinyume, yaani hupeleka umeme, na ukichomoa waya wake unaikata cheche wewe mwenyewe. Jua yako ni ipi kabla hujagusa.

Mwisho wa safari hii ni bodi yenyewe. Kwenye Honda waya wa kijani ndio unaokwenda bodi. Ufuate mpaka ulipofungwa, fungua bolti, kwangua kutu na rangi mpaka chuma king'ae, funga. Fanya hivyo pia pale koili inapofungwa kwenye fremu. Nimeona pikipiki iliyopakwa rangi mpya ya kupendeza ikakataa kuwaka kwa sababu rangi yenyewe ilikaa kati ya koili na fremu.

## Hizo pointi ni nini na nitajuaje kama yangu inazo?

CG125 ilitoka mwaka 1976. Matoleo ya mwanzo yalitumia pointi na umeme wa volti 6. Ya baadaye yakapewa CDI (kifaa cha elektroniki kinachofanya kazi ya pointi) na volti 12. Ukifungua kifuniko cha magneto na kukuta vidole viwili vidogo vya chuma vinavyofunguka na kufunga injini ikizunguka, hizo ndizo pointi. Huwa zinaonekana kupitia madirisha ya magneto.

Pikipiki iliyokaa muda mrefu, uso wa pointi huota ukungu mweupe au kutu isiyoonekana vizuri kwa macho, na umeme haupiti. Pitisha msasa laini kabisa mara mbili tatu, kisha pitisha kipande cha karatasi ngumu na safi kilicholoweshwa petroli mpaka kitoke bila weusi. Hatua ya karatasi watu huiruka, na chembe za msasa zinazobaki huzuia umeme kama kutu ile ile. Kisha zungusha injini mpaka pointi zifunguke kabisa, upime mwanya: 0.3 hadi 0.4 mm kwa Honda hizi. Fila geji (vibamba vyembamba vya chuma vya kupimia mwanya) inunue, usikisie kwa wembe.

Kama pointi zinatoa moto mkubwa unaoonekana kila zinapofunguka, na zimechimbika, kondensa (kikopo kinachozuia moto huo) imekufa. Ni kitu kidogo cha bei ndogo, na ndicho kinachosababisha pikipiki nyingi kuwaka asubuhi na kuzima zikipata moto.

Ukimaliza mwanya, hakiki taiming, yaani wakati wa cheche kutoka. Kwenye magneto kuna alama ya T na alama ya F. Pointi zinatakiwa kuanza kufunguka pale F inapolingana na alama ya kwenye kasha la injini. Ukibadilisha mwanya, taiming nayo inasogea, kwa hiyo mwanya kwanza, taiming baadaye.

## Kabureta nimeisafisha mara tatu. Mbona haiwaki ila kwa kuvuta mafuta?

Ulisafisha bakuli, si jeti ndogo.

Wakati wa kuwasha na wa mlio wa chini, injini hunywa kupitia jeti ndogo peke yake. Tundu lake ni chini ya nusu milimita. Petroli iliyokaa miaka hukauka na kuacha gundi ya rangi ya asali, na tundu hilo ndilo la kwanza kuziba. Itoe, ielekeze juani, utazame. Usipoona duara kamili la mwanga, haijasafishika. Iloweke kwenye dawa ya kabureta usiku mmoja, kisha ipulizwe. Mimi naenda kwa kijana wa pancha na kumwomba upepo wa kompresa yake, lakini kabla ya hapo natoa floti na kila kitu cha mpira, maana upepo ule huvirusha.

Usichome waya wa chuma kwenye jeti. Jeti ni ya shaba, laini, na ukiipanua kwa unywele tu umebadilisha ukubwa wake daima. Hili nawasihi sana. Kabureta za asili za mashine hizi hazitengenezwi tena kama zamani, na nimeona nyingi nzima zikiuawa kwa waya wa breki ya baiskeli.

Puliza pia njia zilizomo ndani ya mwili wa kabureta, si jeti tu. Skrubu ya hewa iingize polepole mpaka igote bila kuibana, ukihesabu mizunguko, uandike. Kama hujui ilikuwa wapi, anzia mzunguko mmoja na nusu nje. Na uitambue: ikiwa upande wa filta ya hewa, kuifungua kunaongeza hewa. Ikiwa upande wa injini, kuifungua kunaongeza petroli. Watu wawili wanaweza kubishana siku nzima, na kila mmoja akawa sahihi kwa pikipiki yake.

## Nimeinunua Tanga, ilikuwa inawaka vizuri. Hapa Arusha inatoa moshi mweusi na kulowesha plagi.

Haina ugonjwa, imepanda mlima. Tanga ni usawa wa bahari, Arusha ni kama mita 1,400. Kila mita 1,000 unazopanda, hewa inapungua kwa karibu sehemu moja ya kumi, lakini jeti inaendelea kutoa petroli ile ile. Mchanganyiko unakuwa mzito, yaani petroli imezidi.

Anza na filta ya hewa, kwa sababu filta chafu inaongeza tatizo lile lile, na vumbi la Unga Limited au Kisongo halina huruma. Punguza choki: asubuhi nyingi nusu inatosha. Kisha inua kipini cha sindano ya slaidi (ile inayopanda na kushuka ukivuta mafuta) tundu moja juu, ili sindano yenyewe ishuke. Ikibaki nzito, weka jeti kubwa ya namba ndogo kidogo. Ukiuza pikipiki hiyo kwa mtu wa pwani, mwambie ulichofanya na umpe jeti ya zamani, maana huko chini itakuwa nyepesi mno na injini itachemka.

## Ikiwa baridi inawaka. Nikiizima sokoni, haiwaki tena mpaka ipoe.

Kuna wahalifu watatu. Kondensa au koili inayokufa kwa joto: pima cheche pale pale inapogoma, si baada ya kufika nyumbani. Petroli kuzidi: jaribu na mkono wa mafuta wazi bila choki. Au tapeti (sehemu zinazosukuma vali, zenye mwanya wa kurekebishwa) zimebana.

La tatu halifikiriwi sana. Vali ikichakaa kwenye kiti chake, mwanya wa tapeti hupungua badala ya kuongezeka. Injini ikipata joto, mwanya unaisha, vali haifungi, mgandamizo unatoroka. Honda hizi ndogo hutaka mwanya usiofika sehemu moja ya kumi ya milimita, ukipimwa injini ikiwa baridi kabisa, pistoni juu, vali zote mbili zimefunga. Tapeti inayolia kidogo ni afadhali kuliko iliyo kimya kwa sababu imebanwa. Fundi akikuambia “nimeziua kelele zote”, zipime upya.

## Nitapimaje mgandamizo bila kifaa?

Toa plagi, ziba tundu kwa kidole gumba, mwenzako apige kiki, swichi imezimwa. Inatakiwa kukisukuma kidole kwa nguvu usiweze kuzuia. Ukihisi pumzi tu, mimina kijiko kimoja cha chai cha oili kwenye tundu la plagi na urudie. Ikiongezeka, ringi zimechoka au zimeganda. Isipoongezeka, tafuta kwenye vali au gasketi ya silinda hedi.

Usikate tamaa kwa kipimo cha kwanza cha pikipiki iliyolala miaka. Ringi zilizoganda mara nyingine huachia baada ya kuendeshwa.

## Kiki haishuki kabisa. Injini imeganda.

Usiipande. Usiisukume kwa gari. Toa plagi, mimina dizeli iliyochanganywa na oili ya gia, siku tatu, kila jioni ongeza kidogo. Kisha weka gia ya juu kabisa na utikise gurudumu la nyuma mbele na nyuma kwa mkono. Ikisogea upana wa kidole, umeshinda, endelea taratibu. Ikikataa baada ya wiki, fungua silinda. Kiki iliyolazimishwa huvunja meno ya gia, na hapo unafungua injini nzima.

## Inanirudishia kiki kwa nguvu, nusura inivunje mguu.

Cheche inakuja mapema mno. Angalia taiming. Ikionekana sawa, angalia ufunguo mdogo unaoishikilia magneto kwenye krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni): ukikatika, magneto huhama na alama zote hudanganya. Wakati huo piga kiki ukiwa na kiatu kigumu, sandali hapana.

## Yangu ni ya tu-stroku (inayochoma oili pamoja na petroli). Mambo ni yale yale?

Cheche na petroli ni yale yale. Tofauti ni chini ya pistoni: chumba cha krenki nacho kinatakiwa kuwa kimezibwa, kwa sababu ndicho kinachosukuma mchanganyiko kwenda juu. Oili sili za pembeni (mipira ya kuziba) zikikauka, na hukauka pikipiki ikilala, hewa huingia au oili ya gia hunyonywa. Dalili ni kuwaka kwa shida, mlio wa chini unaopanda na kushuka wenyewe, au moshi mweupe mzito usioisha huku oili ya gia ikipungua.

DT, AG100 na nyingi za Suzuki zina pampu inayopeleka oili yenyewe. Kwa pikipiki uliyoinunua jana, usiiamini pampu hiyo. Kwa tenki la kwanza changanya mililita 40 za oili ya tu-stroku kwa kila lita ya petroli, hata kama itatoa moshi, mpaka uone kwa macho kwamba oili inashuka kwenye mpira wa pampu. Silensa pia: ikizibwa na masizi, injini haipumui na haitawaka.

## Betri imekufa. Ndiyo sababu?

Ikiwa cheche ni ya magneto, hapana. Ikiwa ni ya betri, ndiyo. Betri nzima iliyopumzika ya volti 6 husoma 6.3 au zaidi kidogo, ya volti 12 husoma 12.6 na kuendelea. Usifunge betri ya volti 12 kwenye pikipiki ya volti 6 ili “ipate nguvu”. Utachoma balbu, na chaji yake haitaijaza kamwe.

## Nikiisukuma kwenye mteremko inawaka. Si niendelee hivyo tu?

Kwa dharura, sawa. Lakini mteremko unaizungusha injini kwa kasi kuliko mguu wako, kwa hiyo unaficha cheche dhaifu na mgandamizo mdogo. Ugonjwa unaendelea kukua, na siku moja itakuzimikia sehemu tambarare, saa mbili usiku.

## Fundi anasema niweke injini ya Kichina nimalize kazi.

Sikiliza, shukuru, usikubali leo. Pikipiki nyingi za Kichina zimenakili injini ya CG125, ndiyo maana fundi anaona ni rahisi, na ndiyo maana pia spea kadhaa za Kichina huingia kwenye injini yako ya asili: gasketi, ringi, nyaya za klachi. Chukua cha zamani mkononi uende nacho dukani, ulinganishe kwa kipimo. Injini ya asili ikitoka kwenye fremu, huuzwa kama chuma chakavu ndani ya mwezi, na namba ya injini kwenye kadi haitalingana tena.

## Imewaka! Sasa nifanye nini?

Usiivutie mafuta mengi. Iache ingurume kwa dakika tano, rudisha choki polepole inavyopata joto, huku ukiangalia chini kama kuna kinachovuja na ukinusa petroli. Izime. Mwaga oili ikiwa ya moto, hata kama ilionekana safi, weka mpya. Kaza tena nati ulizofungua. Toa plagi utazame rangi yake: kahawia kama kahawa ya maziwa ni nzuri, nyeusi ya masizi ina petroli nyingi, nyeupe ina hewa nyingi.

Halafu ifunike, ukalale. Asubuhi, kabla jua halijaifikia, fungua koki na upige kiki. Ikiwaka kwa kiki tatu au chini, nenda nayo mpaka Himo na urudi. Isipowaka, toa plagi uangalie kama imelowa au ni kavu.